Jinsi ya Kununua Sani Moja kwa Bei ya Mbuzi

Anayetaka kupigwa kwenye biashara ya majarida ya katuni ya zamani hana haja ya kufika New York. Apande basi la Arusha au la Lushoto, ashuke Korogwe, atafute bodaboda aliyezoea kona, apande mlima mpaka Vugiri. Huko juu kuna chai, kuna ukungu, kuna watu wanaomkaribisha mgeni kwa kikombe kabla hawajamuuliza shida yake, na kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda vya wazee, ukibahatika, kuna nakala za jarida la katuni la Sani za miaka ya themanini. Mwongozo huu ni wa yule anayezitaka kwa pupa, mwenye fedha mfukoni na asiye na mtu wa kumwambia "subiri kwanza".

Matayarisho yafanyike nyumbani. Jaza kichwa habari za Marekani. Action Comics namba 1, ile ya Juni 1938 iliyomleta Superman, iliuzwa senti 10. Mwaka 2024 nakala yake moja ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Ishike hesabu hiyo. Ukikuta mahali pameandikwa kwamba nakala zinazojulikana kubaki ni kama mia moja tu dunia nzima, pita haraka, usije ukapoa.

Za miaka ya tisini usizisome kabisa, maana ndizo zinazoharibu biashara. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men mpya lilitoka na majalada matano tofauti, ili mtu mmoja anunue mara tano, na nakala zikapita milioni nane. Mwaka uliofuata Superman akauawa katika toleo namba 75. Likauzwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, na kitambaa cha msiba cha kufunga mkononi, watu wakapanga foleni kama duka la kaya limepokea sukari. Mtu alinunua moja ya kusoma na nyingine za kusomeshea watoto. Watoto wamekua, ada imelipwa kwa mkopo, na mifuko ile bado imefungwa. Tatizo ni kwamba kila mtu alitunza, tena alitunza vizuri, kwa hiyo hakuna anayeihitaji ya mwenzake. Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ilikwenda mahakamani kujisalimisha kwa kufilisika. Leo X-Men ile unaipata kwa dola chache, lakini bado wako wanaoitangaza kuwa ni "adimu", na wako wanaowaamini. Wewe jiunge nao.

Sasa umefika Vugiri. Usisalimie. Ukianza na "onga makeo" ya Kisambaa utaonekana mtu wa kwao, utaambiwa bei ya mtu wa kwao, na safari itakuwa imeharibika. Simama penye duka, sema kwa sauti kwamba umekuja kununua vitu vya kale na kwamba fedha si tatizo. Kwa dakika chache watadhani umefuata rupia za Mjerumani, kama wageni wengine wanaopanda Usambara na ramani zilizotolewa fotokopi, na vijana watakuletea hela za shaba, zile zenye taji. Zitazame kwa heshima. Mjerumani alizipiga kwa mamilioni, na umri wake wa zaidi ya miaka 100 haujazisaidia kitu sokoni. Iliyo na thamani ni dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, elfu kumi na sita na ushei tu, na hiyo hutaletewa dukani na mtoto mwenye kandambili. Vitu viwili vya serikali moja, utawala mmoja, uzee karibu sawa: kimoja ni mali, kingine ni kumbukumbu ya kuning'iniza shingoni. Ukilielewa hilo, rudi Korogwe ukale machungwa. Usipolielewa, endelea.

Hatimaye mzee mmoja atasema, taratibu, kwamba yeye ana "magazeti ya katuni". Msubiri. Atakwenda ndani, utasikia sanduku likiburutwa, atarudi na kitu kilichoviringishwa kwenye kanga.

Kikague kwa makini ili ujue unacholipia. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya rangi, na pembeni, palipoguswa zaidi, ya chai iliyokaa. Pini mbili za katikati zimeliwa na kutu, na kutu imetoboa karatasi ikaacha matundu manne yenye duara la kahawia. Jalada lipo, ila la nyuma lina hesabu za mauzo ya maharage kwa kalamu ya wino wa buluu. Ndani, mtu amemtia Madenge, mhusika wa katuni, masharubu kwa penseli. Robo ya ukurasa mmoja imekatwa kwa unadhifu mno, mkato ulionyooka, na upana wake ni ule ule wa msokoto wa tumbaku. Harufu ni ya moshi wa kuni na ya panya.

Marekani, tangu mwaka 2000, iko kampuni inayoitwa CGC ambayo kazi yake ni kulipima jarida kama hili, kulipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha kulifungia ndani ya plastiki ngumu lisifunguliwe tena. Likishafungwa hakuna awezaye kulisoma bila kulivunja, na ajabu ni kwamba hapo ndipo bei hupanda. Vugiri hakuna plastiki hiyo, lakini wewe ni mgeni na una maneno. Mwambie mzee kuwa hali ya jarida lake ni "nzuri sana kwa umri wake". Utakuwa umempa sentensi atakayokuuzia nayo.

Kisha litatoka lile neno: adimu. Na hapa lazima nimtendee haki muuzaji, kwa sababu safari hii hasemi uongo.

Sani haikuwa kitu cha wachache. Jarida hilo, lililochukua jina lake kutoka kwa waasisi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, lilisomwa na dereva, mwalimu, mpiga debe na mwanafunzi aliyelificha ndani ya kitabu cha jiografia. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Pimbi walijulikana kuliko mawaziri. Wachoraji wake, Philip Ndunguru aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na waliomfuata, waliufundisha mkono wa nchi nzima kuchora. Majarida kama hayo yalipita madirishani mwa mabasi pamoja na mayai ya kuchemsha, yakasomwa njia nzima, yakaazimwa, yakaazimwa tena. Ukitafuta kitu cha kawaida kabisa cha Tanzania ya wakati ule, hutapata kilicho cha kawaida zaidi.

Nakala hizo zimekwenda wapi basi? Zimefungiwa karanga. Zimefungiwa vitumbua, chumvi ya robo, sabuni ya kipande. Zimekuwa majalada ya madaftari. Mwanzoni mwa miaka ya themanini karatasi ilitafutwa kama sukari. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza kazi mwaka 1985, na hata baada ya hapo hakuna mwenye akili aliyetupa karatasi yenye upande mmoja unaofaa. Zilizosalia zikakutana na mchwa, mende, paa linalovuja, na huku mlimani unyevu unaoshika ukurasa na ukurasa hadi ukivuta unachana vyote viwili. Mmarekani wa mwaka 1992 alinunua jarida akalizika hai. Msambaa wa mwaka 1985 alilisoma, akampa shemeji, shemeji akampa mtoto, mtoto akafungia daftari. Lililochapishwa kwa wingi limebaki kwa uchache. Mzee ana haki ya kusema adimu.

Ila uadimu ni nusu ya bei tu, na nusu ya pili haiko Vugiri, haiko Korogwe, na kwa kiasi kikubwa haiko hata Dar es Salaam. Nusu ya pili ni mtu mwingine anayelitaka. Action Comics ina bei kwa sababu nakala mia zinagombewa na matajiri elfu, na wote wanajuana bei za mwaka jana. Sani inagombewa na nani? Wapo watafiti: Ujerumani kuna wataalamu wa Kiswahili, Jigal Beez akiwa mmoja wao, walioziandikia katuni zetu kwa uzito ambao sisi wenyewe hatukuupata. Lakini mtafiti akishapiga picha kurasa zote, karatasi anaweza kukurudishia na asante juu. Wapo pia Watanzania walioko Reading au Minneapolis, ambao usiku mmoja wa baridi hukumbuka toleo moja walilolisoma wakiwa na miaka kumi na miwili, nao wangelilipa vizuri sana. Wanalitaka lile lile, si la mwezi uliofuata, na wakishalipata hawanunui tena maisha yao yote. Mauzo ya namna hiyo si soko. Ni bahati nasibu, na tiketi unaishika wewe.

Kwa hiyo bei kubwa ya jarida la kawaida naipa haki pale tu ambapo anayelipa ndiye atakayesoma na hana mpango wa kuuza. Huyo anunue kwa anachoweza, asiulizwe. Anayenunua ili auze, asubiri nimalize mwongozo.

Mafundi wa kweli huwa hawasemi adimu peke yake. Dalali wa mjini, ukimkuta amekutangulia kwa mzee au anakusubiri stendi Korogwe, atakuongezea viungo. Atasema hili ni toleo la kwanza kabisa. Tazama namba ya jaladani, ikiwa imekatwa kwa mkasi, jua ni la kwanza kabisa kukatwa. Atasema mchoro huu ni wa mchora katuni Gado alipokuwa bado shule. Inawezekana: Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na kila mchoro usio na saini uliochorwa nchini akiwa hai unaweza kuwa wake, kama unavyoweza kuwa wangu. Atakuonyesha kipande cha gazeti la Uhuru chenye katuni ya Chakubanga wa Christian Gregory na kukwambia ni jarida zima lililopotea. Akiona bado unasitasita, atatoa Film Tanzania ya Faraji Katalambulla, au African Film yenye Lance Spearman na kofia yake, aseme hizo za picha za kupiga ndizo mama wa zote. Hapo kuna ukweli, zilitangulia kweli na zilipendwa kweli. Lakini Spearman alichapishwa kwa mashabiki wa Afrika Mashariki na ya Magharibi pia, kwa hiyo kabla hujalia machozi tafuta kwanza wangapi wanamwuza huko Lagos.

Sasa bei. Mzee hataitaja. Atasema "wewe mwenyewe tu, mwanangu", na hapo ndipo mgeni asiyejua huzama, kwa sababu atataja fedha inayolingana na aibu yake na si na karatasi. Sema elfu themanini. Mzee atanyamaza. Unyamavu wake hautokani na kuona ni kidogo. Anajaribu kukumbuka kama ana mengine. Ukimuuliza bei ya mbuzi siku hiyo atakwambia bila kusita, kwa maana mbuzi ana wanunuzi, ana mnada wake, na kila mtu kijijini anajua wa jirani aliuzwa ngapi wiki iliyopita. Usimuulize.

Lipa, pokea, piga picha ukiwa umelishika mbele ya mashamba ya chai. Usilikunje, liweke kati ya mbao mbili nyembamba au katoni kavu, mbali na mvua, kwa maana ukungu wa Vugiri ukiingia kwenye begi husafiri nawe hadi Ubungo. Nailoni isiyopitisha hewa usiitumie, itakupikia kuvu.

Na kama unathamini utulivu wako, usiulize hadithi iliishaje. Majarida haya yalikuwa na mtindo wa kumwacha mtu kwenye mlango, jambazi ndani, polisi nje, chini yake "itaendelea". Ukiuliza, mzee atakwambia hajui. Toleo lililofuata halikupanda mlima, au lilipanda likaishia kwa mtu aliyehamia Handeni nalo. Atakuuliza kama huko mjini umewahi kuliona, na jambazi alikamatwa au alikimbia. Akisema kwamba yeye angelinunua leo leo likitokea, usicheke. Muulize angetoa kiasi gani, maana mpaka sasa ndiye mnunuzi pekee uliyekutana naye, na elfu themanini zako tayari anazo.