Sanduku la Laana na Pweza wa Bibi

Pweza wa nazi haachwi peke yake. Tui zito likishaingia, sharti mtu akoroge pole pole mpaka lichemke, maana akizubaa tu linakatika. Hayo niliyajua tangu utotoni, na Bibi alijua kwamba ninayajua, ndiyo maana alipojifunga leso kwenda kumpa pole jirani aliniachia mwiko. Ila hakuutazama mkono wangu wa pili.

Mkono wa pili ulikuwa na Dead Cells. Gemu hii ilitengenezwa na Motion Twin, ushirika wa mjini Bordeaux, Ufaransa, ambao wafanyakazi wake hulipwa sawasawa. Ilikamilika mwaka 2018, na simu za Android zikaipata 2020. Wewe ni mfungwa asiye na kichwa katika kisiwa kilichoharibiwa na maradhi, na kazi yako ni kutoka. Mtu wa Mkwiro hahitaji kufafanuliwa habari ya kutoka kisiwani. Sisi tuko ncha ya mashariki ya Kisiwa cha Wasini, gari hatuna, na kila cha dukani chenye maana kinavushwa kutoka Shimoni.

Aina hii ya gemu huitwa rogulaiti. Babu yao ni Rogue ya mwaka 1980, ambayo ukifa umekufa, unaanza tena huna hata ndururu. Mjukuu ana huruma kidogo. Ukifa, silaha zinapotea, dhahabu inapotea na njia zinapangwa upya, lakini yupo jamaa mmoja anayekungoja kati ya hatua na hatua, tumwite Mkusanyaji. Seli ulizookota kwa maadui ukamkabidhi hukununulia faida isiyopotea. Zile ulizofia nazo mfukoni zimekwenda na maji.

Basi utamu wote uko hapo. Safari ya leo si ya jana: jana ulipewa upinde, leo mjeledi, kesho ngao ya mbao na Mungu akusaidie. Upanga unaitika mara tu kidole kinapogusa. Bando haili. Na kufa kwenyewe hakuumi, kwa sababu sekunde chache tu uko jela tena, unakimbia. Hapo hapo ndipo panaponiudhi. Ile jela ya mwanzo nimeiona mara nyingi kuliko nilivyouona mlango wa madrasa. Maandishi ni madogo kama sisimizi. Vitufe vya kwenye kioo navyo havitaki jasho: nataka kujibiringisha, naruka, nataka kunywa dawa, narusha bomu.

Siku ile nilikutana na sanduku la laana. Ukilifungua unapata kitu kizuri, lakini mpaka uue maadui kumi, pigo moja tu, hata la kidudu, linakumaliza. Nikalifungua. Nikaua mmoja, wawili, watatu. Mwiko ukasimama wenyewe ndani ya sufuria. Nilipofika wa saba nilisikia harufu, nikajiambia ni kwa jirani. Akatokea popo, wale wanaojilipua, akanipasukia usoni.

Niliinua macho nikamwona Bibi mlangoni.

"Nini hiyo?"

"Nilikuwa na laana, Bibi. Wamebaki watatu."

"Laana umeitoa wapi?"

"Ndani ya sanduku."

"Na sanduku lilisema lina laana?"

"Lilisema."

"Nawe ukafungua." Akachungulia sufuria. Tui lilikuwa limekatika, limekauka, na pweza ameshikana na chini kama kaa la moto. "Na hicho kidude hakisimamishwi?"

Kinasimamishwa. Kitufe kipo juu ya kioo. Sikumjibu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi imekaza, na pweza wa asubuhi walikwisha kuchukuliwa na wachuuzi. Bibi akanipa pesa nikanunue mwengine Shimoni, pamoja na nazi mbili, na akaniusia nisimwambie mtu. Mtu wa Mkwiro kuvuka bahari kwenda kununua pweza! Nilimtafuta muuzaji asiyenijua, nikafunga mzigo kwenye mfuko wa nailoni kama mwizi.

Kurudi, boti iliruka ruka mpaka abiria wote wakanyamaza. Mimi nilikuwa na asilimia 9 ya chaji na nimefika darajani, kwa Concierge, jitu la kwanza kubwa la gemu, ambalo lilikuwa limeniua mara kumi na nne. Lilikuwa limebakiza damu kidogo sana. Tulipokaribia kwetu maji yalikuwa yamekupwa, boti haikuweza kusogea.

"Teremkeni," nahodha akasema. "Mtatembea."

Nikateremka, maji ya magoti, mfuko mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, kidole gumba kazini. Jiwe lenye ukoga wa baharini likanitelezesha. Mtu akianguka majini hana muda wa kufikiri, mkono wenyewe huamua kipi kiinuliwe. Wangu uliinua simu. Nazi zikaelea zake. Mfuko ukafunguka, na pweza, maiti, akarudi kwao.

Nilipopita mlangoni Bibi alinitazama mikono, akahesabu: nazi mbili, maana nilizikimbilia. Pweza hakuna. Huyu ndiye Mkusanyaji wa kweli, hasikilizi uliua wangapi njiani, anahesabu kilichofika.

"Umeuliwa tena?" akauliza.

"Na jitu, Bibi. Nilipoanguka."

Usiku ule tulikula wali wa nazi, na kando yake ndimu na pilipili. Mpaka leo gemu naisifu kwa yeyote anayeniuliza, ila simwambii alikokwenda pweza. Concierge nilimshinda wiki iliyofuata, nimekaa barazani, mbali na jiko. Sufuria haijatakata.