Mchwa Amesoma Vingi Kuliko Nyani

Maji ya Tana yalikuwa yamepungua, mchanga umejitokeza chini ya daraja la Garsen, na mifugo ilikuwa ikishuka kunywa kwa zamu. Katika kundi moja alikuwamo Ngamia mzee aliyeufuata mto kutoka Garissa. Wanyama wa ukingoni walimjua kwa jambo moja tu: aliwahi kuwa maktaba. Mwaka 1996 maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kuwatuma ngamia kutoka Garissa kuwapelekea wafugaji vitabu, mmoja akibeba masanduku ya vitabu na mwenzake hema la kusomea. Huyu alikuwa wa masanduku. Hajalisahau jambo hilo, wala hampi mtu nafasi ya kulisahau.

"Shikamoo, mzee," Nyani aliita kutoka juu ya mwembe, embe bichi mkononi. "Nimesikia wewe ni mtu wa vitabu. Nitajie riwaya moja nzuri. Lakini isiwe nene."

"Marahaba. Ya kujifurahisha au ya mtihani?"

"Kwani kuna nyingine?"

Ngamia alicheua kwanza. Akamwuliza Nyani mwenyewe amesoma nini, na Nyani akateremka tawi moja chini ili asikike vizuri. Alisema amemaliza *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, kitabu kilichowahi kutahiniwa katika shule zote za sekondari nchini. Amekimaliza chote: dhamira, maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Kumbe alichokuwa nacho kwapani ni mwongozo, kile kijitabu chembamba kinachouzwa kando ya kitabu chenyewe na kinachonunuliwa mapema zaidi. Alikichopoa kwenye dirisha la bweni.

"Haya," Ngamia akasema. "Ridhaa alipoteza nini?"

"Ridhaa ni mhusika mkuu. Ni daktari. Ni mvumilivu, ni mwenye bidii, ni..."

"Sikukuuliza sifa zake. Nimekuuliza alipoteza nini."

Nyani alijikuna. Ngamia ikambidi ajibu mwenyewe: mkewe na jamaa zake, nyumba ikiteketea kwa moto katika vurugu za baada ya uchaguzi. Akauliza tena ni ukurasa gani uliomfanya Nyani asimame kidogo, aufunge mwongozo wake na kuutazama mto. Nyani alisema swali la namna hiyo halijawahi kutoka kwenye karatasi ya pili wala ya tatu.

Hapo mzaha ulikatika kwa muda, kwa kuwa vurugu za namna hiyo zimewahi kufika huku pia. Mnamo Agosti 2012 kijiji cha Riketa, huku huku kwenye delta, kilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, katika uhasama wa wafugaji na wakulima juu ya malisho na maji. Mauaji yaliendelea kuzunguka vijijini, Waorma na Wapokomo wakizika watu wao kwa zamu, hadi mwanzo wa 2013. Riwaya ya Matei haikuandikwa juu ya Tana. Lakini msomaji wa Tarasaa au Kipao akizifikia kurasa za watu waliokimbia makwao na kujikuta kambini, hana haja ya kuelezwa maudhui ni nini. Ndiyo sababu inaudhi kuona kitabu kama hicho kikikaririwa kama orodha ya sifa za wahusika.

Mamba ndiye aliyeurudisha mzaha, maana ukimya mrefu humtia njaa.

"Mimi ni wa hadithi fupi," alisema, pua pekee juu ya maji. "Riwaya inataka utafune. Hadithi fupi unaimeza mara moja, unarudi kulala. Someni *Tumbo Lisiloshiba* ya Said Ahmed Mohamed. Iko katika ule mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Lile jitu linaloingia kwenye mkahawa wa wanyonge wa Madongoporomoka likafagia chakula chote! Sijawahi kumpenda mhusika kiasi kile."

"Lile jitu ni wakubwa wanaopora ardhi ya maskini, Mzee Mamba," Ngamia akamwambia kwa upole.

"Hayo ni yako. Mimi niliona mteja mwenye hamu ya kula."

Ladha ya Mamba ina walakini, ila jicho lake si bovu. Mkusanyiko ule ulitahiniwa kwa miaka kadhaa, na waliousoma kwa hofu ya mtihani wangefaa kuurudia sasa kwa raha zao. Atakayeumaliza huo na kumtaka tena mwandishi yule yule wa Zanzibar, amtafutie *Arusi ya Buldoza* au *Sadiki Ukipenda*. Said Ahmed Mohamed huanza hadithi katikati ya vurugu na humwachia msomaji kazi ya kuokota vipande. Katika hadithi fupi ustadi huo humfaa kuliko katika baadhi ya riwaya zake, ambamo maneno magumu hujazana mpaka njia haionekani.

Mamba hakuwa amemaliza. Alimpendekeza pia Muhammed Said Abdulla na *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya ya upelelezi iliyotoka 1960, yenye Bwana Msa na kiko chake na Najum wa kumsikiliza. Maiti inapatikana mzimuni, kila mtu ana lake la kuficha, na Bwana Msa anavuta moshi na kuwaza.

"Kisa kizuri," Mamba alisema, "lakini muuaji hakujua kazi. Kosa lake ni kuacha maiti. Mimi siachi."

Mbuzi waliokuwa wakinywa pale karibu walisogea nyuma kidogo.

Sauti iliyofuata ilitoka kwenye shina la mwembe, na ilibidi wote wainame. Alikuwa Mchwa, amerudi kutoka stoo ya shule ya jirani, ambako ukoo wake una makazi ya kudumu.

"Mimi nimesoma vyote," alisema. "Huanzia jalada la nyuma, kwa hivyo mwisho naujua kabla ya mwanzo. Mnisamehe nikiwaharibia."

"Umesoma au umekula?" Nyani alidakia.

"Wewe umefanya lipi kati ya hayo mawili?"

Mchwa alieleza kwamba stoo ile ina kabati la vitabu vya hadithi lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa kwa mkubwa mmoja anayeogopa vitabu visichakae. Havichakai kabisa. Havina hata alama ya kidole. Humo ndimo alimomkuta Euphrase Kezilahabi na *Rosa Mistika* ya 1971, kile kitabu kilichowahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kisha kikarudi kuwa kitabu cha kufundishia. Zakaria wa Ukerewe anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, anamzungushia ukuta wa ukali, na msichana anatoka nyumbani bila kujua lolote kuhusu wanaume anaokwenda kukutana nao.

"Waliokikataza walisema kitawaharibu wasichana," Mchwa akaongeza. "Nimekitafuna chote. Aliyemharibu Rosa ni baba yake."

"Kwa hivyo maudhui ni malezi," Nyani alisema, akitafuta kalamu.

Ngamia aliombwa sasa atoe orodha yake, na hapo ndipo alipoonyesha tofauti ya mtu wa maktaba na mtu wa mnada. Alikataa. Alisema hapendekezi kitabu mpaka amjue atakayekisoma. Kijana anayetafuta asili yake humpa *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya 1996, ambamo Kongowea Mswahili anafiwa na mama yake, mwimbaji wa Tanga, na kufunga safari ya kumsaka baba hadi Kitale. Mtu wa kazi za mikono humpa *Kuli* ya Adam Shafi, juu ya Rashidi na wenzake wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Alikiri kwamba hicho anakipendelea, kwa kuwa ni kitabu cha wabebaji. Anayedai mapenzi humpa *Vuta N'kuvute* ya Shafi huyo huyo, akamfuate Yasmin anayemkimbia mume mzee na kumwangukia Denge, mwanasiasa asiyetulia mahali. Filamu yake ilitoka 2021 na ni nzuri. Kitabu kina nafasi zaidi ya kuvuta pumzi.

"Na Gurnah, yule wa Nobel?" Mchwa aliuliza. "Kwetu stoo hajafika."

"*Peponi*. Ida Hadjivayanis ameitafsiri, ikatoka 2022. Mtoto Yusuf anawekwa rehani kwa deni la babake, halafu anaburutwa bara na msafara wa biashara. Mizigo yote inabebwa na wapagazi. Kwa mara ya kwanza nilisoma juu ya safari nikiwa mapumzikoni."

Mamba alinung'unika kwamba vitabu vyote hivyo ni vya Zanzibar, Tanga na Ukerewe, ilhali Fumo Liyongo, shujaa mkubwa kuliko wote hao, wenyeji wanamdai ni wa Ozi na Kipini, pale pale mto unapomwaga maji baharini. Ngamia alimkumbusha kwamba huo ni utendi. Riwaya ya Garsen iko wapi, ya mafuriko, ya maembe yanayoozea Minjila barabara ikikatika? Mchwa alisema kwa heshima kwamba kwenye kabati lile hajaionja.

"Nitaiandika mimi," Nyani akajitolea.

"Wewe?" Mchwa alicheka. "Umesoma *Kidagaa Kimemwozea*? Walibora pia. Amani anaandika mswada, Mwalimu Majisifu anauiba na kuuchapisha kwa jina lake. Mtu wa kuchopoa vitu madirishani hapewi mswada kuangalia."

Nyani alifungua mwongozo wake kutafuta kama jambo hilo limo. Hakulipata, kwa kuwa ulikuwa mwongozo wa kitabu kingine.

Kati ya wanne hao, shauri la kufuata ni la Ngamia, la kumjua msomaji kwanza. Asiyejua pa kuanzia aanze na *Kuli* au *Siku Njema*, ambazo lugha yake haimkwazi mgeni wa riwaya, kisha ahamie hadithi fupi, na *Rosa Mistika* aisome pamoja na mzazi wake kama wote wawili wanaweza kustahimili. Na wazazi wa Garsen wanaokwenda mkutano wa shule muhula huu, baada ya kuuliza habari za karo na chakula, waulize pia ufunguo wa kabati la vitabu unakaa kwa nani, na utatumika lini.