Muulize Mjomba: Umetisha, Lakini Jogoo Kakuzidi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wasanii wa chumbani, wale wanaorekodi kwa simu, wakarusha kwenye kundi la WhatsApp, kisha wakakaa kusubiri sifa. Za ndoa na za mashamba ya ufuta zingoje. Kwa mgeni wa safu hii: huku kwetu Kusini, kwa Wamwera na Wamakonde, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Kwa hiyo msininunie. Ninayoyasema ni haki yangu ya ukoo.

*

Shikamoo Mjomba. Nimerekodi wimbo wangu wa kwanza nyumbani, nikaurusha kwenye kundi letu la wasanii. Ndani ya dakika mbili nilikuwa nimepata alama za moto kumi na saba, "umetisha" sita, na mmoja akaandika kwamba dunia haiko tayari kwa kipaji changu. Wimbo una dakika nne na sekunde kumi. Mbona mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniomba nimtumie akaweke kwenye pikipiki yake?
Dunia Haiko Tayari, Kilwa Masoko

Marahaba, mpwa wangu. Hesabu umeiandika kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukaipita. Wimbo wa dakika nne umesifiwa ndani ya dakika mbili. Aliyekusikiliza sana aliishia kabla ya kiitikio cha kwanza, na hapo nawahesabia wote kwamba waliufungua.

Hapo ng'ambo ya maji yako, Kilwa Kisiwani, mwaka 1331 alifika msafiri Ibn Battuta akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu'l-Mawahib, yaani baba wa vipaji. Si vipaji kama chako, ni vya kugawa. Anasimulia kwamba fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka kwenye sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa zote. Alipofariki akatawala ndugu yake, Daud, na huyo alikuwa kinyume chake: mwombaji akija anaambiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa.

Kundi lenu limejaa akina Abu'l-Mawahib, ila tofauti yao na sultani ni kwamba yeye alibaki bila kanzu. Hawa wanatoa moto ambao hauwagharimu hata bando, kwa sababu kesho ni zamu yao kurusha, na wanataka wewe ulipe. Huo ni mchezo wa upatu. Kila mtu anapokea alichotoa, na mwisho wa mwezi hakuna aliyeongezeka kitu.

Nimeusikiliza wimbo wako mpaka mwisho, mara kadhaa, mjomba hana pa kukimbilia. Kwanza, sekunde arobaini za mwanzo unajitaja jina, unamtaja mtengeneza biti, unautaja mtaa, unamsalimia binamu yako aliyeko Nachingwea. Mwenye pikipiki amekwisha kuruka wimbo mwingine. Pili, biti imekupanda kichwani; maneno ya beti la kwanza nimeyapata kwa kukisia. Tatu, dakika ya pili na sekunde kumi na tano jogoo anawika, na ameingia kwenye mdundo vizuri kuliko wewe. Nne, na hili ni la heri: kiitikio chako kizuri. Nilikuwa nakata korosho nikajikuta nakiimba. Hilo halikusemwa na hata mmoja wa wale ishirini na wanne, kwa sababu kulisema kunahitaji kufika huko.

Ukirusha tena, usiulize "mnauonaje?" Uliza: umechoka dakika ya ngapi? Neno gani hukulisikia? Atakayekujibu kwa dakika na sekunde, huyo mshike. Hata akiwa Daud.

*

Mjomba, shikamoo. Mume wangu anarekodi ndani ya kabati langu. Anasema kanga zangu zinakula mwangwi. Juzi nafungua nichukue doti ya kwendea msibani, namkuta humo na simu yake anaimba kwa uchungu kuhusu mwanamke aliyemkimbia. Mimi sijaenda popote.
Bado Nipo, Kilwa Kivinje

Marahaba mwanangu. Kuhusu kanga anasema kweli, na inaniuma kumtetea mtu aliyejificha kabatini. Ukuta mtupu, sakafu ya saruji na bati juu vinairudisha sauti mara mbili tatu, ikifika kwenye simu inakuwa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Kitambaa kinainywa. Godoro lisimamishwe nyuma yake, blanketi litundikwe ubavuni, na hiyo tayari ni nusu ya kazi ya studio. Kama ukweni kuna chumba cha makuti, mhamishie huko: makuti hayana mwangwi wa bati, na mvua ya masika ikishuka hayapigi kelele. Kusi likianza kuvuma afunge dirisha la baharini, maana upepo ukiipiga maiki ya simu unasikika kama lori la gesi linapita sebuleni. Na azime mtandao kabla ya kuanza. Nimesikia nyimbo nyingi za huzuni zikikatizwa na mlio wa mtu kutumiwa pesa.

Huyo mwanamke aliyekimbia usimtafute. Bongo Fleva bila mwanamke aliyeondoka ingebaki biti tupu. Lakini kila wimbo mmoja umtoze doti moja, na kabla hajarekodi akusomee maneno yake bila muziki, wewe ukiwa unakuna nazi. Pale utakapoacha kukuna ili usikie vizuri, apaweke alama. Na pale utakapocheka mahali pasipo pa kuchekesha, apafute.

*

Mjomba, mwenzangu kwenye kundi kaniandikia mbele ya watu wote kwamba naimba kwa pua na beti langu la pili halina vina. Nimemfungia asinipate tena. Nimetunga wimbo wa kumjibu, una maneno makali. Niurushe?
Pua Yangu, Lindi Mjini

Utaurusha, najua, barua hii umeniandikia ukiwa umeshika simu ya pili. Basi tuzungumze kabla.

Mashtaka ni mawili na hayafanani. La vina lina ushahidi, kila mtu anaweza kulikagua. Nimelikagua. Mstari wa kwanza, wa pili na wa nne umefungia "-ni", wa tatu umefungia "boda". Jamaa kashinda. La pua ni ladha yake tu. Taarabu ya mwambao huu ina pua ndani yake tangu zamani na watu wametunza hela kwa hiyo pua. Kama pua yako inaimba kwenye ufunguo, iache iimbe. Kama haimo, usiifiche ndani ya Auto-Tune ukadhani imepona, maana programu hiyo inanyoosha noti, haitafuti maneno ya kuimba.

Kujibizana si kosa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambapo watu wa kawaida, makarani na walimu, walitungiana, wakaulizana na kujibizana kwa beti. Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam, mwaka 1954 alitoa kitabu kizima cha sheria za kutunga mashairi. Raha ya sheria ni kwamba mtu akikwambia mizani yako imepungua, mnahesabu silabi, mnamaliza. Hamna haja ya kuulizana nani anamwonea nani wivu. Huku kwetu Lindi pia hatukosi asili: utenzi wa Vita vya Maji Maji umetungwa na mtu wa hapa, Abdul Karim bin Jamaliddini, na hakuna aliyempa alama ya moto.

Kosa la mwenzako ni kusema hadharani kabla ya kukufuata pembeni. Huo si uungwana, hata akiwa na haki ya vina. Kosa lako ni kumfungia mtu pekee aliyelisoma beti la pili. Mfungulie. Kisha huo wimbo wa kumjibu urushe, kwa sharti moja: uwe na vina, maana atahesabu.

*

Mjomba, mimi natumia simu yenye kioo kilichopasuka na maiki ya hedifoni za elfu tatu. Prodyuza mmoja wa mjini ameniambia bila milioni moja ya vifaa nisijisumbue, sauti yangu "haina kiwango". Niuze pikipiki?
Elfu Tatu, Mchinga

Pikipiki ndiyo itakayousambaza huo wimbo, mpwa. Usiiuze.

Wazaramo wa Dar es Salaam walipotengeneza mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwingine ni vya watoto kuchezea, wakavipitisha kwenye spika zinazokoroma, wakapiga ngoma juu yake usiku kucha. Mkoromo ule ule ndio ulioupa muziki ladha. Mwaka 2012 kundi la Jagwa Music lilitoa albamu huko Ubelgiji kwa muziki wa namna hiyo. Kisha wakaja watoto wa singeli na kompyuta za mezani, mdundo unaopita mapigo 200 kwa dakika, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, Wazungu wakaanza kucheza bila kujua "msambwanda" ni nini. Na kabla ya hao wote, bendi za dansi zilirekodi Radio Tanzania wote pamoja chumba kimoja, magitaa, tarumbeta na waimbaji, na nyimbo hizo mpaka leo zikipigwa kwenye basi la Dar pale Nangurukuru abiria wazima wanaitikia. Siti binti Saad, yeye ilibidi apande meli mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie kwenye santuri. Wewe maiki iko mfukoni.

Ila sikiliza, maana hapa vijana wengi wanateleza. Mkoromo wa mchiriku ulichaguliwa na wenyewe. Wako umetokea kwa sababu umeibandika maiki kwenye mdomo. Iweke mbali kwa shubiri moja, kidogo pembeni, ili "p" na "b" zisiipige. Imba beti zima kabla hujalikubali, usiunge neno moja moja. BandLab inapatikana bure na inatosha kwa sasa. Na wimbo ukikamilika utume kama faili, usiucheze kwenye spika ya simu moja ukaurekodi kwa voisi ya simu nyingine. Umefanya hivyo kwenye wimbo ulionitumia. Nimemsikia mama yako anakuita ukachote maji.

*

Mjomba, kiitikio nilichokirusha kwenye kundi mwezi wa Ramadhani nimekisikia Nangurukuru kwenye bajaji, kaimba mtu mwingine wa kundi hilo hilo. Nifanyeje?
Nimeibiwa, Somanga

Pole sana. Na kidogo pongezi: mwizi wako ndiye msikilizaji pekee aliyefika mwisho.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu siku ulipokitunga, hata kama hukukisajili popote. Shida ni kuthibitisha. Kwa hiyo usifute lile faili la kwanza bovu, wala daftari lenye maneno yaliyokatwakatwa, wala ujumbe wa kundi wenye tarehe. Wimbo ujao usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuurusha, na kwenye kundi peleka kipande, si mzigo wote. Lakini kagua kwanza ni nini hasa kilichochukuliwa. Kama ni melodi yako na maneno yako, mfuate, mwanzo kwa wazee, baadaye kwa sheria. Kama ni "nipe nikupe, baby usiende", hiyo si yako wala yake. Ilikuwepo kabla Daraja la Mkapa halijajengwa.

*

Mjomba, nataka kurekodi ndani ya Msikiti Mkuu wa Kisiwani nipate mwangwi wa yale makuba. Unaonaje?
Mwangwi, Kilwa Masoko

Nimesikia wimbo wenyewe. Unahusu shepu ya mtu. Pale ni nyumba ya ibada, hata kama paa limepungua, na tangu 1981 ni Urithi wa Dunia. Kaombe kibali kwa wahifadhi na maneno ya wimbo uwapelekee yameandikwa, nami nitakaa gatini nikuone unavyorudi. Mwangwi umo ndani ya programu ya simu yako. Ongeza kidogo tu.

*

Shikamoo Mjomba. Mimi sijawahi kurekodi, ila kwenye kundi ndiye ninayewasahihisha wote. Nawaambia funguo, mizani, pumzi, mpaka mavazi ya kwenye picha ya kava. Siku hizi nikiandika hakuna anayejibu. Wasanii wa Lindi hawapendi kukosolewa?
Mwalimu wa Wote, Lindi Mjini

Marahaba. Tuma wako.