Benki Inayokupenda Kupita Kiasi

Benki haina haraka na mtu. Ukienda tawini unapewa kikaratasi cha foleni, unakalishwa kwenye kiti cha chuma, madirisha yako sita na mhudumu mmoja, naye anakutangazia kwamba mtandao uko chini. Kadi yangu mpya niliisubiri mpaka nikasahau kwamba niliiomba.

Ndiyo maana barua pepe iliyonijia kwa jina la benki ilinitia shaka tangu salamu. "Mpendwa Mteja Wetu wa Thamani"! Nani, mimi? Ikaendelea kunionea huruma: akaunti yangu ingefungwa ndani ya saa 24 nisipobofya kiungo na kujaza nywila na namba ya siri. Benki gani hiyo inayojua kuna saa 24 tu katika siku?

Mjomba naye, mstaafu wa Mbagala, alikuwa amepata barua hiyohiyo. Akanipigia anahema. "Mwanangu, kiinua mgongo changu kinakwenda!"

"Mjomba, wewe huna akaunti benki hiyo."

Akatafakari. "Labda walinifungulia kimyakimya."

Matapeli hawajui nani ana akaunti wapi. Wanamwaga barua kwa maelfu ya watu na kusubiri atakayeingia mwenyewe, kama wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", ambao hawajali kama unadaiwa au hudaiwi. Nikamwomba Mjomba aguse jina la mtumaji. Juu paliandikwa Huduma kwa Wateja. Chini yake ikatokea anwani ya herufi na tarakimu zilizochanganywa mithili ya maharage na mahindi kwenye sufuria ya makande. Kiungo nacho kilitanguliza jina la benki kwa mbwembwe, lakini mwenye tovuti hutajwa mwishoni, kabla tu ya ile .com au .co.tz, na hapo palikuwa na jina lisilojulikana.

"Mbona kina kufuli?" Mjomba akang'ang'ania. Kufuli lile linaonyesha tu kwamba watu wa pembeni hawasomi unachotuma. Aliye upande wa pili anaweza kuwa tapeli vilevile. Zamani Kiswahili kibovu cha matapeli kilituokoa. Siku hizi akili mnemba inawaandikia Kiswahili fasaha kuliko cha benki zenyewe.

Mjomba akaelewa, tena kupita kiasi. Baadaye benki yake halisi ikamtumia ujumbe wa kuhuisha taarifa, umejaa makosa ya tahajia, na kiungo juu yake. Akaufuta. Meneja akapiga simu. Mjomba akamtaka ataje kwanza tarehe yake ya kuzaliwa na jina la mama yake mzazi, kama wanavyotuhoji sisi. Meneja akakata. "Tapeli huyo," Mjomba akatamba, mpaka alipokwenda kutoa pesa akakuta akaunti imezuiwa, akashinda tawini na kitambulisho chake cha NIDA mkononi.

Mimi niko upande wa Mjomba. Benki inayotukataza kubofya viungo, kisha inatutumia viungo, isilalamike ikiitwa tapeli.

Nawe ukiletewa barua ya mapenzi namna hii, usiijibu: piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Ikija kwa meseji ukiwa Tanzania, ipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli. Huko benki utasubiri sana huku ukipigiwa muziki, na hapo ndipo utajua umewapata wenyewe.