Kule Kumeamkaje?

Nyumbani kwetu hakuna anayeyataja makalio yangu kwa jina. Tunasema "kule". Mke wangu huuliza "kule kumeamkaje?" kabla sijafikicha hata macho. Jioni ni "kule leo kumekaliwa sana." Mgeni akitusikia anadhani tuna shamba Handeni na kesi yake haijaisha.

Hajakosea sana. Ni mali yangu, inanigharimu, na taarifa zake napewa na watu wengine. Miaka 12 iliyopita nilianguka kutoka juu ya mwembe, na embe lenyewe lilikuwa bichi. Uti wa mgongo ukaumia, na tangu siku hiyo kuanzia kitovuni kushuka chini hakuna habari inayofika juu. Wewe unayesoma hapa umeshajisogeza kwenye kiti mara mbili tatu bila kujua, kwa sababu kule kwako kunalalamika. Kwangu hakulalamiki. Nyama inabanwa kati ya mfupa na kiti, damu haipiti, nyama inaanza kufa, na mimi mwenyewe nipo nabishana habari za Simba na Yanga.

Hivyo ndivyo vidonda vya mgandamizo, na kinga yake ya kwanza ni kuinama. Zamani nilikuwa najinyanyua kwa mikono, sekunde kumi, misuli imetuna, najiona shujaa. Mtaalamu wa mazoezi akanitazama akacheka. Akasema damu inataka kama dakika mbili ili irudi vizuri, mimi naikalia tena ikiwa ndiyo kwanza iko njiani. Kwa hiyo sasa kila baada ya robo saa, nikizembea sana nusu saa, nalaza kifua juu ya mapaja na kutulia hivyo dakika mbili kamili.

Sasa jaribu kuinama dakika mbili mbele ya Watanzania uone kama watakuacha. Benki mlinzi aliniuliza nimedondosha nini, na kabla sijajibu naye akainama, tukawa wawili tunaikagua sakafu. Kwenye mkutano wa injili mhubiri alishuka jukwaani mbio akaniwekea mikono kichwani, na alipoona nimenyooka mwenyewe dakika ile ile, uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Lakini msibani ndiko kubaya zaidi. Nilimsindikiza jirani kwenye msiba wa mtu ambaye sikuwahi hata kumwona. Nilipoinama mara ya kwanza nikashikwa bega. Mara ya pili nikaletewa maji. Mara ya tatu akina mama wakaanza kulia upya, na nikasikia mmoja anauliza kwa sauti ya chini, "Huyu alikuwa nani kwa marehemu?" Mpaka leo familia ile inanialika kwenye arobaini zake zote.

Kinga ya pili ni kukagua ngozi, asubuhi na usiku. Nikapewa kipeperushi kimeandikwa: tazama wekundu. Wekundu! Mimi huyu, ambaye nikiona aibu hata mama aliyenizaa hajui? Aliyekiandika hakuwa amefikiria mtu wa kutoka Newala. Kwa ngozi kama yangu unatafuta doa lililozidi weusi kuliko jirani zake, au linalong'aa, na zaidi ya kutazama unapapasa kwa mgongo wa mkono: kuna joto? Pamekuwa pagumu? Pamevimba, au pamelegea kama embe lililogongwa? Nilijifunza hayo kwa muuguzi mmoja, na hakunipa kipeperushi.

Kukagua kunataka kioo chenye mpini mrefu. Changu kilivunjika mwezi wa pili, nikahamia kwenye simu. Ni rahisi: unapiga picha, unakuza, unaona. Tatizo la simu ni kwamba inatunza. Na mimi ni fundi simu, mtu ambaye kutwa nawafundisha wateja namna ya kuficha picha zao.

Basi mama mkwe akaja kutoka Muheza. Akataka kuona picha za mjukuu wake alivyovaa joho la chekechea. Nikampa simu. Mama mkwe wangu hapekui picha polepole kama watu wengine, anazipitisha kama mtu anayehesabu noti. Mjukuu, mjukuu, mjukuu na keki, halafu akasimama. Akaisogeza simu mbali. Akairudisha karibu. Akachomoa miwani kwenye mkoba.

"Mbona hii chapati ina muhuri?"

Mke wangu akachungulia, akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nilikuwa natafuta ufa wa kuingia ukutani, na kitimwendo hakipiti kwenye ufa. Hakuna aliyejibu. Mama akatazama tena, nikaona kabisa sekunde ambayo alielewa. Lakini yule ni mwanamke aliyelelewa. Akaifunika simu kifudifudi juu ya meza na kusema taratibu, bila kumtazama mtu, "Hiyo chapati iangaliwe leo leo. Chapati yenye alama namna hiyo haiko sawa."

Alikuwa amesema kweli. Picha niliipiga usiku uliopita umeme ukiwa umekatika, nikasinzia kabla ya kuitazama. Palikuwa na duara limechorwa kwa meno. Mwanangu alifungua soda, kizibo kikaangukia kwenye mto wa kiti, na mimi nikakikalia kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Vizibo vya soda vina meno 21. Sikuwa na haja ya kulijua hilo.

Siku ya tatu ngozi ikafunguka. Nje kidonda kilikuwa kidogo, kama sarafu ya shilingi mia. Muuguzi akaniambia nisidanganyike, uharibifu mwingi huanzia chini karibu na mfupa, na unachokiona ni mlango tu. Nikalala kifudifudi wiki saba. Kibanda kimefungwa, wateja wamehamia kwa jamaa wa ng'ambo ya barabara ambaye hajui hata kubadilisha kioo.

Na ukilala kifudifudi, kila anayeingia ndani ni daktari. Jirani alileta kapsuli, zipasuliwe unga wake unyunyiziwe. Shemeji alileta spiriti. Rafiki yangu wa bajaji, mtu mwema sana, alileta tyubu ya pikipiki iliyojazwa upepo ili nikipona nikalie katikati kidonda kiwe hewani. Nilimshukuru nikampa mwanangu aende nayo kuogelea, maana duara lile linabana pembeni pote na katikati ndiyo panakosa damu kabisa. Mwingine akataka kunichua pale kwa mafuta ya nazi. Ngozi iliyoumia haichuliwi jamani, inapumzishwa! Kazi ilifanywa na maji ya chumvi, bandeji safi, mayai na dagaa kwa wingi, na kutokukaa. Hiyo ya mwisho haiuzwi dukani, kwa hiyo hakuna aliyeniletea.

Kuna aliyesema, "Si kidonda tu?" Nikamtajia Christopher Reeve, yule aliyecheza Superman. Alianguka kutoka juu ya farasi 1995 akapooza, na 2004 akafariki akiwa anatibiwa kidonda cha namna hii ambacho uambukizo wake ulikuwa umesambaa mwilini. Superman! Mimi ambaye siwezi hata kuruka mtaro nijifanye nani?

Usiku nageuzwa. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua wodi ya waliopooza kule Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, akaamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Dunia inamkumbuka kwa michezo aliyoianzisha pale 1948, ambayo ndiyo iliyozaa Paralimpiki ya leo. Mke wangu anamkumbuka saa nane usiku, kwa maneno ambayo mhariri hataruhusu.

Nimerudi kazini sasa. Nakalia mto wa hewa wenye vinundu kama trei ya mayai, na kabla ya kupanda napitisha kiganja juu yake kama mtu anayepapasa kitanda kutafuta kunguni. Suruali za jinzi zenye vifuko na vyuma nyuma nimegawa. Soda hainywewi karibu yangu. Kovu lipo, na muuguzi ameshanionya kwamba ngozi iliyoshonana upya hairudishi nguvu yake ya kwanza, hivyo pale pale ndipo patakapoanza tena nikijisahau.

Juzi kibanda kimejaa, mikono yangu yote miwili imo ndani ya simu ya mteja, simu yangu ikaita. Nikabonyeza spika kwa kiwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Chapati imeamkaje?"

"Imeamka vizuri, mama. Laini."

"Alhamdulillahi. Usiiache ikae sana."

Akakata. Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri chaji akaingiza mkono mfukoni na kutoa elfu moja.

"Kumbe bro unauza na chapati? Nifungie mbili."