Namna ya Kumshangilia Kiongozi Ipagala na Kurudi Nyumbani na Akili Zako

Mkazi wa Ipagala hawezi kuikwepa mikutano ya hadhara. Tunaishi makao makuu ya nchi. Bunge liko hapa, mikutano mikuu ya CCM hufanyika hapa, na kiongozi akipitishwa, akiteuliwa au akitimiza miaka kadhaa madarakani, vumbi la shangwe hutimuka kwanza Dodoma. Jioni moja mjumbe wa shina atapiga hodi: "Kesho saa mbili asubuhi, ndugu yangu, tunakwenda kumuunga mkono kiongozi wetu. Gari lipo." Usiitikie haraka, wala usikatae haraka. Pitia kwanza hatua hizi.

1. Pima kama ungeweza kubaki nyumbani. Jiulize: kesho nikibaki nifue nguo zangu, kuna atakayeniuliza? Kuna orodha ambayo jina langu litakatwa? Kama ipo, unachokwenda kutoa ni mahudhurio, na kiongozi anayependwa hahitaji daftari la mahudhurio. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, vijana walitembea mamia ya kilomita kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki akiwa njiani. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Mtu anaweza kubishana na siasa ile mpaka usiku wa manane, lakini hakuna atakayesema walisombwa kwa lori. Nenda kwa sababu umetaka. Hapo hata ukisimama mstari wa nyuma kabisa, umesimama kama mwananchi.

2. Uliza nani ameitisha. Mkutano wa hadhara na maandamano vina mwenyewe, na sheria inamtaka atoe taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla. Kumbuka ni taarifa. Zamani ilitakiwa ruhusa, hadi Mchungaji Christopher Mtikila alipofungua kesi mwaka 1993 katika Mahakama Kuu hapahapa Dodoma. Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba sharti la kuomba kibali linakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo unapopita na kijibendera chako ukielekea uwanjani, unatembea juu ya haki iliyopiganiwa katika mji huu, na aliyeipigania alikuwa mpinzani. Mshukuru, hata kama kura yako haikuwahi kumfikia.

3. Pokea fulana, usipokee deni. Fulana, kofia na kanga vitagawiwa. Vaa, jua la Dodoma halichagui chama, na fulana ni nguo. Ila ukipewa bahasha pamoja na maelekezo ya namna ya kupiga kura, irudishe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliiondoa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, katika sheria za uchaguzi, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Ndugu yangu wa bodaboda, nawe nakusihi: mafuta ya msafara ni mafuta tu. Yakiisha kwenye tangi, yasibaki kichwani.

4. Jiandae kama mtu mzima. Tangazo likisema saa mbili, mgeni rasmi atafika saa nane. Kunywa chai kabla ya kutoka, beba maji, funika kichwa. Kampeni huangukia miezi ya kiangazi, upepo unapobeba vumbi jekundu na kulimwaga machoni. Muulize dereva jambo moja kabla ya kupanda: "Jioni unaturudisha?" Wengi wameletwa kwa nyimbo wakarudi kwa miguu.

Ukifika, angalia lango kabla ya kuangalia jukwaa. Machi 21, 2021, watu 45 walikufa katika msongamano Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Walikwenda kwa mapenzi, na mapenzi hayakuwakinga. Mtoto mdogo mwache kwa bibi yake. Ukiona watu wanaanza kusukumana, toka mapema. Hakuna kiongozi anayestahili mbavu zako.

5. Shangilia kilichofanyika. Akina mama wa muheme watapiga ngoma zao, nawe cheza. Hapo huhitaji mwongozo. Kiongozi atapanda na kusema "Mbukwenyi!" na uwanja utalipuka kwa sababu ametusalimia kwa lugha ya nyumbani. Salamu ijibu kwa moyo wote. Makofi ya hotuba yagawe kwa vipimo. Akitaja barabara unayoipita kila siku, piga makofi mpaka viganja viwake. Akitaja itakayojengwa, piga mara mbili, kisha andika tarehe. Akizungumzia maji, tulia usikilize neno kwa neno. Mji huu umetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi huku ukikua, na Bwawa la Farkwa tumelisikia katika hotuba nyingi mno. Ahadi inayopigiwa makofi mwaka baada ya mwaka bila swali hugeuka kuwa wimbo, na wimbo hauchotwi kwa ndoo.

6. Usihesabu vichwa ukadhani umehesabu kura. Mwaka 2015 mikutano ya Edward Lowassa, mgombea urais wa upinzani, iliitwa mafuriko, na kweli watu walifurika. Matokeo yalipotangazwa, Magufuli alikuwa na asilimia 58 na Lowassa karibu 40. Uwanjani huenda shabiki, mpita njia, muuza karanga, mwanafunzi aliyefuata muziki na mtu aliyetaka kuona helikopta. Kiongozi anayeridhika na picha ya uwanja uliojaa hajui watu wake wanakula nini. Ukimpenda, mwambie.

7. Mlinde jirani asiyeshangilia. Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Kuanzia katikati ya 2016 hadi Januari 3, 2023, Rais Samia alipoondoa zuio, vyama havikuruhusiwa kufanya mikutano ya hadhara nje ya kampeni. Miaka yote hiyo sherehe za kumpongeza kiongozi ziliendelea. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025: vijana waliotoka kuupinga uchaguzi katika miji kadhaa walikutana na risasi, watu wakafa, intaneti ikazimwa. Siku chache baadaye, Novemba 3, Rais aliapishwa hapa Dodoma katika uwanja wa jeshi, bila wananchi. Mwaka 2020 kiapo kama hicho kilifanyika Uwanja wa Jamhuri mbele ya umati.

Mji wa shangwe ukakosa pa kushangilia. Hayo ndiyo mavuno ya kumnyima mwenzako uwanja: ukifungwa kwa anayepinga, hatimaye unafungwa hata kwako wewe unayeunga mkono. Kwa hiyo jirani yako wa Ipagala akikataa fulana, msalimie kesho yake kama kawaida. Akiitwa msaliti mbele yako, mtetee. Chama chake kikitaka kukutana, chama chako kisikizuie. Makofi yako yana thamani pale tu ambapo mwingine ana ruhusa ya kuguna.

8. Ukirudi, kazi ndiyo inaanza. Kung'uta vumbi, oga, kula ugali wako na mlenda. Kisha chukua ile karatasi uliyoandika ahadi na tarehe zake, uibandike mlangoni kwa ndani. Mwenyekiti wa mtaa akiitisha mkutano wa kusoma mapato na matumizi, nenda nayo. Hakutakuwa na fulana, gari wala matarumbeta, na viti vingi vitakuwa vitupu. Kaa mbele, nyoosha mkono, uliza. Anayempenda kiongozi wake humuuliza kwa sauti ileile aliyomshangilia.