Sampuli ya Saa Nne Asubuhi

"Uliwahoji saa ngapi?" Swali hilo ndilo lililonimaliza juzi mbele ya darasa. Nilikuwa nimesimama na chati yangu ya rangi, naeleza kipato cha wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, nimefika kwenye uwakilishi wa sampuli, maneno niliyoyatamka kwa madaha. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Ujiji, akanyoosha mkono. Nikamjibu: saa nne asubuhi. Watoto wa Kigoma wakaangua kicheko. Wa mikoa mingine wakacheka baada ya kuelezwa.

"Saa nne mvuvi wa dagaa amelala, ndugu yangu. Wewe ulimhoji nani?"

Kitabu chetu cha mbinu za utafiti kinasema wafikie watafitiwa saa za kazi. Hakisemi kwamba huku Kigoma, mwisho wa reli, kuna kazi inayoanza jua likizama. Mitumbwi hutoka na taa zake. Mwanga ukipenya majini, vijidudu vya ziwani hukusanyika, dagaa huvifuata, migebuka nao huwafuata dagaa. Wavu ukiinuliwa unakuta mlolongo mzima wa walafi umejileta wenyewe. Mwezi ukiwa mpevu mambo huharibika: ziwa zima lina mwanga, nani ahangaike na taa yako? Ndiyo maana siku za mbalamwezi watu hupumzika, wakashona nyavu. Siku nyingine, alfajiri dagaa wanafika ufukweni, akina mama wananunua na kuanika, mvuvi anakwenda kulala. Hapo ndipo ninapotokea mimi, nimechana nywele, dodoso mkononi.

Basi nami nilivua waliokuwa macho: dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, fundi wa mashine za boti, mzee wa kahawa, na kijana aliyenichambulia bei za nyavu kwa ufasaha, ambaye sasa naambiwa anauza vocha. Hakuna swali walilolikwepa. Asiyevua ndiye mwenye muda wa kuujua uvuvi.

Najifariji na jarida la Marekani, Literary Digest. Mwaka 1936 lilituma kadi milioni 10 kuuliza nani atakuwa rais, majina mengi yakitoka kwenye orodha za wenye simu na magari. Zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon anashinda. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Makabwela hawakuwa na simu, na wengi walioulizwa hawakurudisha kadi. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno, alipatia. Sawa, lakini Gallup hakupangiwa Kibirizi.

Ujiji niliagizwa nihoji kila nyumba ya tano. Ya tano ikawa msikiti.

Namwonea wivu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe: alianza Gombe mwaka 1960 bila hata shahada, na sokwe wake hawakumwomba posho.

Jana nimerudi Kibirizi alfajiri, kama nilivyoamriwa. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mwaka jana walikuja wenzako, wakauliza haya haya. Mwaka juzi pia. Kila mwaka mnanihesabia watoto na mapato, mkishapata vyeti hamrudi. Leta majibu ya mwaka jana, ndipo nikupe ya mwaka huu."

Dodoso halina kisanduku cha jibu hilo. Msimamizi ameniambia niandike: hakutoa ushirikiano.